Anza na ofisi, si na mtu: kutafuta msaada na taarifa salama kwa watu wa LGBT nchini Kenya

Wengi huanza kutafuta usiku, mlango ukiwa umefungwa na mwanga wa simu umepunguzwa. Swali linaandikwa mahali fulani kwenye intaneti, na dakika tano baadaye mtu anajibu kwa upole sana. Ofisi yenye wakili na mshauri itajibu kesho saa tatu asubuhi, pengine keshokutwa. Tapeli hujibu sasa hivi. Sehemu kubwa ya madhara yaliyoelezwa hapa chini huingilia kwenye pengo hilo, na ndiyo maana hatua hizi zimepangwa hivi: ofisi kwanza, watu baadaye.

Mwongozo huu ni wa Kenya. Tanzania bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu tendo la "kinyume cha maumbile", kinafika kifungo cha maisha na hakishuki chini ya miaka 30. Uganda, tangu sheria iliyotiwa saini Mei 2023, hata "kuhamasisha" mapenzi ya jinsia moja ni kosa la hadi miaka 20 jela. Msomaji aliye huko achukue sehemu ya simu na ya kuhakiki watu. Sehemu ya polisi na mahakama asiibebe.

Sheria inasema nini, na nini haisemi

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaadhibu tendo la "kinyume cha maumbile" kwa hadi miaka 14 jela, na cha 165 kinaadhibu "uchafu" kati ya wanaume kwa hadi miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Lakini visome vizuri: vinahusu tendo. Hakuna kifungu kinachosema kumpenda mtu wa jinsia yako ni kosa, wala kuwa trans (mtu asiyejitambua kwa jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa), wala kuingia kliniki, kuuliza swali, kusoma kijitabu au kukaa kwenye kikao cha mazungumzo. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba NGLHRC, shirika linalotetea haki za watu wa LGBT, lina haki ya kusajiliwa. Ombi la kutaka uamuzi huo uangaliwe upya lilitupwa Septemba mwaka huohuo.

Jambo hili lina maana kubwa kwa hatua zinazofuata. Mtu anayedhani kuuliza tu ni kosa hawezi kuuliza, na asiyeuliza humwamini yeyote anayejitokeza.

Hatua ya 1: simu kabla ya swali

Ifanye kazi hii mchana, ukiwa peke yako. Haichukui zaidi ya nusu saa.

Weka namba ya siri ya tarakimu sita, si nne, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Alama ya kidole ni rahisi lakini inaweza kulazimishwa kwa kushikwa mkono. Ukienda mahali usipopajua, izime. Kisha fungua mipangilio ya arifa na uzuie ujumbe usionekane skrini ikiwa imefungwa. Siri nyingi hutoka hapo: simu iko mezani, mama anaandaa chai, ujumbe unajitokeza wenyewe.

Angalia akaunti ya Google iliyo kwenye simu. Ikiwa ni ileile iliyo kwenye runinga ya sebuleni au kwenye simu ya zamani uliyomwachia mdogo wako, ulichotafuta YouTube kitapendekezwa huko pia, na picha zitahifadhiwa mahali ambapo wengine wanafika. Fungua barua pepe mpya kwa ajili ya mambo haya, isiyo na jina lako wala namba yako kuu, na uitumie kwenye kivinjari tofauti. Kwenye saiba, usikubali kompyuta ikuhifadhie neno la siri, na usiondoke kabla ya kutoka kwenye akaunti.

Namba ya simu ndiyo wengi huisahau. Laini iliyosajiliwa M-Pesa hutoa jina lako kwa yeyote anayejaribu kukutumia shilingi kumi. Kwa hiyo laini ya pili, kama utainunua, isajiliwe kwa kitambulisho chako kama sheria inavyotaka, lakini usiifungulie M-Pesa. Kwenye makundi ya WhatsApp, namba yako huonekana na kila mwanachama, pamoja na picha ya wasifu usipoiwekea mipaka. Signal inakuruhusu kutumia jina la mtumiaji bila kuonyesha namba, ndiyo maana ofisi nyingi huipenda. Mwisho, zima ruhusa ya programu za kijamii kusoma orodha ya namba zako. Usipoizima, akaunti yako mpya ya siri itapendekezwa kwa shangazi kama "mtu unayeweza kumfahamu".

Hatua ya 2: taja shida moja

"Nahitaji msaada" ni sentensi isiyojibika. Anayekupokea simu lazima ajue akupeleke kwa nani. Je, ni afya: vipimo, dalili, dawa? Ni sheria: umekamatwa, umefukuzwa kazi, unatishwa? Ni moyo: huli, hulali, unafikiria kujidhuru? Ni mahali pa kulala? Au unataka tu kukaa na watu ambao hutahitaji kujificha mbele yao? Hili la mwisho ni haja kamili. Usilivike ugonjwa ili lipokelewe.

Zikiwa tatu kwa pamoja, anza na ile yenye saa. Dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari, yaani PEP, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Aliyekamatwa ana saa 24 za kufikishwa mahakamani. Kikao cha marafiki kinaweza kungoja Jumamosi.

Ukitafuta kwa Kiswahili, maneno yenyewe yatakupoteza. Andika "shoga" na utapata mahubiri, matusi, na wanawake wa pwani wanaoitana "shoga yangu" kwa maana ya rafiki, kama walivyoitana siku zote. "Kuchu", neno lililotoka Uganda na kuenea miongoni mwa wenyewe, hutoa matokeo machache lakini yaliyo karibu zaidi. Huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume kamili wala ya kike kamili, mara nyingi huandikwa "mtu wa jinsia mbili" kwenye magazeti. Mashirika yenyewe hujieleza kwa lugha ya tahadhari: "haki za binadamu", "afya ya wanaume", "watu walio katika hatari kubwa". Kwa hiyo usitafute kwa neno la utambulisho. Tafuta kwa jina la ofisi pamoja na mji.

Hatua ya 3: ofisi zenyewe

Galck+, iliyoanza 2006 kama GALCK, ni muungano wa mashirika ulio Nairobi. Ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza "nani yuko karibu nami?" hata kama hauhitaji huduma ya Nairobi. NGLHRC, iliyoanza 2012, ina mawakili. Shida yako ikiwa polisi, mwajiri, mwenye nyumba au anayekutishia, anza hapo. Ishtar na HOYMAS, zote za Nairobi, zimejikita kwenye afya ya wanaume. Mombasa kuna PEMA Kenya na HAPA Kenya, Malindi kuna AMKENI. Upande wa Nyanza na Magharibi, NYARWEK iliyo Kisumu ni mtandao wa vikundi vingi. Jinsiangu ni ya watu wa trans na huntha. Huntha pia wana chama chao cha kitaifa, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, hushughulikia malalamiko yao waziwazi kwa kuwa Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua.

Wanawake wanaopenda wanawake hulalamika, na wana haki, kwamba orodha kama hii imejaa kliniki za wanaume. Sababu ni fedha: ufadhili mwingi uliingia kupitia mapambano dhidi ya VVU. Ukiwa mwanamke, ulizia Galck+ vikundi vya wanawake moja kwa moja, usisubiri kuelekezwa.

Jambo jingine la kujua kabla ya kupanda matatu: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vingi vya afya vya jamii hii vilifunga milango, vikapunguza siku, au huduma zake zikahamishiwa hospitali za serikali. Orodha ya zamani inaweza kukufikisha kwenye mlango wenye kufuli. Piga simu kwanza.

Hatua ya 4: hakiki

Chukua namba kutoka ukurasa rasmi wa shirika, kamwe usitumie ile iliyobandikwa kwenye maoni. Kisha pigia shirika la pili na uulize: "Hawa mnawajua? Namba hii ni yao?" Ofisi hizi hufahamiana, wengi wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Jibu la "hatuwajui" kutoka kwa wawili linatosha kuachana nao.

Usishangae ukikosa anwani ya mtaa. Ofisi za kweli mara nyingi huificha kwa sababu zimewahi kuvamiwa au kuandamaniwa, na watakuelekeza baada ya kuzungumza nawe, pengine kwa kukutana kwanza kwenye mkahawa. Usishangae pia ukikosa jina kwenye rejista ya mashirika ya umma, maana vikundi vingi vidogo vimesajiliwa kama vikundi vya kijamii, kwa jina lisilosema lolote.

Dalili za utapeli ni hizi, na moja tu inatosha: ada ya usajili au ya "uanachama" kabla ya huduma, picha yako "ili tukuthibitishe", nakala ya kitambulisho kwa WhatsApp, haraka isiyo na sababu, na ahadi ya kukupeleka Canada. Hii ya mwisho inastahili maneno zaidi. Usajili wa mkimbizi, iwe kwa idara ya serikali ya wakimbizi au kwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ni bure. Rainbow Railroad, shirika la Canada linalosaidia watu walio hatarini kuhama, halitozi ada na huombwa kupitia tovuti yake lenyewe. Wakala hana nafasi hapo. Anayesema ana "nafasi mbili zimebaki" na anataka shilingi 15,000 za fomu anauza karatasi tupu.

Uliye chini ya miaka 18, piga 116, simu ya bure ya watoto. Unaweza kueleza kwamba unapigwa au umefukuzwa nyumbani bila kutaja sababu yake. Mashirika ya watu wazima hayatakuingiza kwenye vikao vyao, na hiyo ni alama nzuri. Mtu mzima anayekukaribisha kikaoni ukiwa na miaka 16 ndiye wa kukimbiwa.

Hatua ya 5: simu ya kwanza

Andika kabla ya kupiga. Sentensi tatu zinatosha: uko kaunti gani, shida ni ipi, na ni saa ngapi salama kupigiwa. Kwa mfano: "Niko Kilifi. Mtu ananidai pesa akitishia kuwaonyesha ndugu zangu picha. Nipigieni kati ya saa saba na saa nane mchana, msitume ujumbe." Jina la kubuni linakubalika, lakini lishike hilohilo, maana faili yako itafunguliwa kwa jina hilo.

Uliza maswali mawili kabla ya kueleza kwa kirefu. Taarifa zangu zitaandikwa wapi, na nani atazisoma? Nikiacha huduma, naweza kuomba zifutwe? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza hivyo, na ofisi iliyojipanga haikasiriki.

Kliniki

Vituo vya jamii, ambavyo wahudumu huviita DICE, hutumia namba ya utambulisho badala ya jina, na huko utapokelewa na mwelimishaji rika, yaani mtu wa jamii hiyohiyo aliyefunzwa. Hospitali ya serikali itakuuliza kitambulisho na SHA, yaani bima ya afya ya serikali. Kipimo cha VVU, ARV na PrEP, yaani dawa ya kuzuia VVU kabla ya hatari, ni bure huko.

Kosa linalorudiwa zaidi kliniki ni kuficha mahali penye dalili. Magonjwa ya zinaa hapa nchini hutibiwa sana kwa kufuata dalili: unatoa usaha mbele, unapewa dawa ya hiyo. Mwenye maumivu au majimaji njia ya haja kubwa akisema "naumwa tumbo", atapewa dawa ya tumbo, atarudi wiki ijayo akiwa na hali mbaya zaidi na kudhani dawa za serikali hazifai. Kama hujui pa kuanzia, sema hivi: "Nina dalili njia ya nyuma, na nimekuwa na uhusiano bila kinga." Huna haja ya kueleza na nani. Mhudumu akianza mahubiri, omba mwingine au rudi kwa mwelimishaji rika aliyekuelekeza. Wao ndio wanaojua nani anashika zamu siku gani.

Omba pia chanjo ya homa ya ini aina ya B: sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Wengi hupata ya kwanza na kupotea. PrEP ya kumeza kila siku huhitaji siku 7 kabla ya kutegemewa kwa ngono ya nyuma. PEP humezwa siku 28 mfululizo, na kuacha siku ya kumi kwa sababu ya kichefuchefu ndiko kunakoiharibu, hivyo rudi ubadilishiwe dawa. Kondomu ya mpira na Vaseline au mafuta ya nazi havipatani: mafuta huula mpira na kondomu hupasuka. Kilainishi kiwe cha maji au cha silikoni.

Aliyebakwa, mwanamume au mwanamke, asioge kabla ya kufika hospitali. Nguo zilizovaliwa ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwani nailoni huozesha ushahidi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza, ni bure. Namba 1195 ni ya bure kwa ukatili wa kijinsia na hupokelewa mchana na usiku.

Mshauri wa moyo

Muulize swali moja kabla ya kikao cha kwanza, hata kwa simu: "Mteja wako akiwa anapenda watu wa jinsia yake, lengo la vikao huwa nini?" Jibu likiwa kukurudisha "njia ya kawaida", au kukuombea itoke, agana naye. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Hakuna cha kutibu hapo, na wanaojaribu huacha watu wakiwa wamevunjika kuliko walivyoingia. Cheti ukutani hakizuii hilo. Mshauri wa kanisani anaweza kuwa mwema na mshauri mwenye shahada akawa mkatili, ndiyo maana swali ni lilelile kwa wote. Wanaotaka kubaki na ibada yao wana pa kwenda pia: Nairobi kuna Cosmopolitan Affirming Community, inayosali na watu wa LGBT waziwazi.

Ukiwa unafikiria kujiua, usingoje miadi. Befrienders Kenya wako kwenye 0722 178 177, na Msalaba Mwekundu kwenye 1199. Baadhi ya watu hukaa nyumbani baada ya kumeza sumu wakiogopa kushtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Nenda hospitali.

Kukutana na mtu wa mtandaoni

Hii imewekwa hapa chini kwa makusudi. Ukiwa tayari na namba ya mwelimishaji rika na ya msaidizi wa kisheria, hatari hupungua.

Video kwanza, fupi, mtu aguse pua au ageuze kichwa. Picha huibwa. Muulizie kwa mwelimishaji rika wa mji huo, kwa sababu majina ya watekaji na nyumba zao hujulikana upesi na ofisi nyingi huyakusanya. Mkutano wa kwanza uwe mchana, mkahawani, mahali ulipochagua wewe. Akibadilisha mahali dakika ya mwisho, au akisema "nimetuma boda akuchukue", rudi nyumbani. Rafiki mmoja ajue uko wapi na saa ngapi utampigia.

Mtego wenyewe hufuata njia ileile. Mnaingia nyumbani, baada ya robo saa wanaingia wengine wawili au watatu wanaojiita polisi au kaka zake, wanachukua simu, wanakulazimisha namba ya siri ya M-Pesa. Wakimaliza salio wanakopa Fuliza, kisha mikopo ya programu. Kwa hiyo siku hiyo usibebe simu yenye programu ya benki, na Fuliza unaweza kujiondoa kwa *234#. Kwenye programu za kutafuta wapenzi, zima kionyesha umbali: mtu akikupima kutoka sehemu tatu tofauti anaweza kujua ploti unayoishi.

Wakianza kukutisha

Usilipe. Anayelipa elfu mbili Jumatatu hudaiwa elfu tano Ijumaa, kwa sababu ameshathibitisha kwamba ana pesa na anaogopa. Usibishane wala usitukane. Jibu lisizidi "nimekusikia", kisha kimya.

Usifute chochote, hata picha zinazokuaibisha. Piga skrinshoti zenye namba, tarehe na saa, hifadhi sauti, na ujumbe wote wa M-Pesa wenye msimbo wa muamala. Laini iliyopokea pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Zitume kwenye ile barua pepe mpya, ili simu ikiibwa zisipotee. Kama umeshatuma pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja na uombe irudishwe, ingawa ikishatolewa kwa wakala hairudi.

Kisha mpigie msaidizi wa kisheria kabla ya kwenda kituoni, na mwende wawili. Kaunta ya polisi, ripoti yako ni ya kudaiwa mali kwa vitisho, na hilo ndilo kosa. "Mtu wa namba hii anadai pesa kwa vitisho, hizi hapa jumbe." Ukiulizwa picha ni za nini, ni picha za faragha, basi. Kuzisambaza ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, faini hadi shilingi 200,000 au miaka 2 jela. Usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Huandikwa kama 23/14/6/2025, na bila hiyo ni kana kwamba hukufika.

Kwa picha, StopNCII ni chombo cha bure kwa walio na miaka 18 na zaidi. Hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na mitandao inayoshiriki kama Facebook, Instagram na TikTok huizuia ikipandishwa. Haifiki kwenye jumbe za WhatsApp.

Na lipo swali gumu: nani ungependa asikie kutoka kwako kabla ya kusikia kutoka kwa mtishaji? Mara nyingine ni dada mmoja tu. Akijua yeye, vitisho hupoteza makali. Lakini mchague vizuri, maana kikulacho ki nguoni mwako, na wanaotishia watu si wageni kila mara.

Ukikamatwa

Ibara ya 49 ya Katiba iko upande wako: kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, kutolazimishwa kukiri, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya mahakama inayofuata. Toa jina, na ukomee hapo: "Nitazungumza wakili wangu akifika." Kumbuka namba ya ofisi ya sheria kwa kichwa au iandike kwenye karatasi ndani ya kiatu, kwani simu huchukuliwa kwanza. Ukiambiwa uifungue, sema kwa upole utaifungua mbele ya wakili.

Shtaka mara nyingi huwa kitu kingine kabisa, kuvuruga amani kwa mfano, na wengi hukiri ili watoke mapema. Usikiri. Pesa taslimu za dhamana ya polisi hurudishwa na lazima zitolewe risiti. Zisizo na risiti ni hongo, na aliyeitoa ataombwa tena.

Uchunguzi wa njia ya haja kubwa ukatae, hata daktari akiwepo, hata ukipewa fomu ya kusaini. Baada ya wanaume wawili kukamatwa Kwale na kufanyiwa hivyo, Mahakama ya Rufani Mombasa iliamua tarehe 22 Machi 2018 kwamba ni kinyume cha Katiba. Mtajie daktari tarehe hiyo. Wengi wao hawaijui, na wakiijua huogopa leseni yao.

Ukifukuzwa nyumbani

Weka begi moja kwa rafiki kabla mambo hayajaharibika: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, dawa za wiki mbili, chaja. Vyeti ni vigumu kuliko kitu chochote kuvirudia ukiwa umeshatengwa. Nyumba za hifadhi ni chache na hazikai wazi wakati wote. Uliza siku ngapi, nani mwingine analala humo, na mpango wa baadaye ni upi. Mwenye nyumba anayekutoa, mwombe notisi kwa maandishi na usisaini chochote siku hiyo.

Kikao cha kwanza

Vikao vya mazungumzo huwa na mwezeshaji, sheria chache na chai. Uliza mapema kama kuna nauli, maana baadhi hurudisha na baadhi hawana. Fika dakika kumi kabla, usiandamane na mtu asiyealikwa, acha simu mfukoni. Mwezeshaji atakuuliza jina la kuitwa na namna ya kutajwa, na hapo hulazimiki kusema zaidi. Wengi hukaa kimya mwezi mzima. Kundi likipiga picha ya pamoja, una haki ya kukaa pembeni. Kikao kinachokulazimisha uingie kwenye picha usikirudie. Mkitoka, tokeni wawili wawili, kila jozi baada ya dakika tano, na usishukie kituo cha karibu na kwenu ukiwa bado umebeba begi la kikao lenye jina la shirika.